Ardhi Imelala, Usipige Honi

Jumatatu, 3 Juni

Gari nimeliacha, kuandika sijaacha. Dereva asiyeandika siku yake ni abiria mwenye usukani tu.

Leo nimepanda cheo. Kina mama wa mbegu walikuwa na mkutano ghalani kwao. Mwenyekiti ni dada yangu mkubwa — yule aliyenibeba mgongoni utotoni, na haupiti mwezi bila kunikumbusha. Mimi sikualikwa. Nilikwenda kurekebisha bawaba ya mlango. Lakini mlango uko pale pale, na masikio nilikwenda nayo.

Habari yenyewe: wageni wanakuja. Wakulima wanaozungumza Kifaransa, kutoka ng'ambo ya mpaka, wanatafuta mbegu ya maharage. Watafika Ijumaa ya wiki ijayo, watembezwe shamba la mfano waone mbegu inavyolelewa. Wakiridhika, huenda wakachukua ghala zima, na msimu ujao warudi. Wasiporidhika — hapo dada akayageukia magunia.

Maharage haya yamechaguliwa punje kwa punje tangu mama yetu yu hai. Walanguzi wa hapa hawataki mbegu, wanataka chakula. Na mbegu haikai ikangoja, fukusi wameshaanza kubisha hodi. "Hawa wasipochukua," dada akasema, "mbegu ya mama itaishia sufuriani."

Sasa tatizo. Vibao vyote vya shambani ni vya Kiingereza. Vililetwa na mradi fulani uliokuja, ukapiga picha, ukaondoka. Wageni Kiingereza hawakijui. Nani atavigeuza viwe Kifaransa?

Nikakohoa, bawaba mkononi.

Nikawaambia: mimi huyu, Kilomita mnayemwona, nimeendesha lori nchi za Kifaransa mpaka tairi zikawa zinasalimia zenyewe. Nimekula nao, nimegombana nao, nimelala mpakani nikingoja mihuri yao. Kifaransa kwangu ni kama kijiko mkononi.

Mama mmoja wa kikundi, mwembamba, ambaye kicheko chake hutangulia maneno, akauliza: kijiko cha kulia au cha kupimia dawa? Wakacheka wote. Dada hakucheka. Alinitazama kama anavyoitazama punje kabla hajaamua iende upande wa mbegu au upande wa chungu.

Akasema: "Huyu ni mdogo wangu. Namchukulia dhamana. Akiharibu, kiti hiki nakiacha mimi mwenyewe."

Nikafunga bawaba. Mlango sasa haulii kabisa. Moyo ndio unalia kidogo, lakini kwa furaha.

Jumanne, 4 Juni

Nimezungushwa shamba na dada. Shamba ni zuri, chuki za nini. Amelipanga vipande vipande kwenye mteremko, kila kipande na umri wake. Juu kabisa ardhi tupu. Kisha mbegu iliyoingia juzi. Kisha iliyochomoza. Inayopaliliwa. Yenye maua. Yenye maganda makavu. Kisha uwanja wa kupura, na chini kabisa, kando ya barabara, ghala. Ukishuka kutoka juu hadi chini umeona maisha yote ya harage, bila kungoja msimu.

Kibao cha kwanza, pale juu kwenye ardhi tupu: FALLOW. Nikakisoma kwa sauti, kwa uhakika, kama mtu anayeita jina la rafiki.

Dada: "Maana yake?"

Nikasema ni jina la mwenye mradi.

Dada akanitazama. Akasema hapa ardhi inapumzishwa, haiguswi na jembe msimu mzima. Nikasema ndiyo, jamaa mwenyewe alikuwa mtu wa kupumzika sana.

Tukashuka. MULCHING — nikadhani ni aina ya mbwa. Kumbe ni majani makavu yanayotandazwa chini ya mimea. Kwenye kipande cha maua: ROGUING. Hiyo nayo ni kazi ya wenye mbegu peke yao. Wanapita wakikagua mche mmoja mmoja. Usiofanana na ukoo wake unang'olewa, mbegu isije ikachanganyika.

Nikauliza: hata ukiwa na afya?

"Hata ukiwa na afya. Hata ukiwa mrefu kuliko wote."

Mmoja ulikuwa umelala njiani, umeng'olewa asubuhi hiyo hiyo. Wenzake wana maua ya zambarau, wenyewe ulikuwa na maua meupe. Nikauhurumia, nisiseme uongo. Ukoo wetu wote ni wakulima, babu mpaka wajukuu. Mimi nilitoka na maua meupe, nikaenda kuendesha lori. Nikauokota na mizizi yake, nikaupanda kwenye kopo la maziwa kwangu. Dada aliona. Alijifanya kuangalia mawingu.

Jioni nimekaa na maneno yale kichwani, ndipo nikagundua jambo la hatari. Kifaransa changu kinaanzia kwenye gunia!

Gunia nalijua. Kamba naijua, mizani, turubai, bohari, kupakia, kupakua, kilicholowa, kilichooza, aliyeiba. Karoti naijua kwa Kifaransa ikiwa imefungwa. Ikiwa bado ardhini, ikiwa jani, ikiwa ua — sina hata neno moja la kuazima. Nimebeba mavuno ya watu umri wangu wote wala sijawahi kusimama nikaona kitu kikiota.

Nimekula kwa dada kimya kimya. Akaniuliza naumwa wapi.

Jumatano, 5 Juni

Dawa imepatikana. Inaitwa Mwalimu.

Mwalimu amefundisha Kifaransa sekondari mpaka alipostaafu. Mjane. Anakaa nyumba yenye baraza la kijani, nyuma ya posta. Mimi sikupita mikononi mwake — shule niliiaga mapema, na shule haikulia. Nikaoga. Nikavaa shati la mikono mirefu. Nikabisha hodi kwa Kifaransa, nikamsalimu kwa Kifaransa, nikamweleza shida yetu kwa Kifaransa chote nilichonacho, hata kile cha akiba.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole: "Bwana, Kifaransa chako kina matope kwenye magurudumu. Lakini kinatembea."

Mwanamke hajawahi kunisifu vizuri hivyo.

Shida yake ni kinyume cha yangu. Kamusi anayo, nene kama tofali. Maneno yote yamo. Lakini shambani hajakanyaga, vumbi linampandisha mafua, na yeye humwogopa jogoo tangu utoto. Neno moja la Kiingereza kamusi inampa matatu ya Kifaransa, naye hajui lipi ni la maharage na lipi ni la zabibu. Nikamwambia: Mwalimu, mimi ni matope matupu, wewe ni lami tupu. Tukichanganyika tutapata barabara.

Akacheka. Ana mwanya. Naandika hili kama taarifa tu.

Ijumaa, 7 Juni

Kazi imekolea. Tunafanyia pale barazani. Mwalimu anakaa na kamusi magotini, mimi nasimama. Anasoma neno la Kiingereza, mimi nalifanya kwa mwili kama nilivyoelezwa na dada, yeye anaangalia tendo kisha anachagua neno la Kifaransa linalolingana nalo. Kupalilia: nikainama nikang'oa nyuzi za mkeka wake. Kupura: nikaupiga mto kwa fimbo. Kupepeta: nikaomba ungo, nikapepeta vifungo vyake vya nguo. Kuchomoza: nikachuchumaa nyuma ya kiti, nikainuka taratibu, mikono juu, macho nimefumba.

Jirani wa upande wa pili akatokeza kichwa juu ya ua. "Mwalimu, uko salama?"

"Tuko kazini," Mwalimu akasema, bila kuinua macho.

Halafu tukagombana. Mwalimu anataka neno moja, lile sahihi, basi. Mimi nasema mkulima aliyetoka safari hataki neno, anataka kuelezwa. Akasema: "Neno sahihi ni heshima kwa mgeni." Nikasema kuelezwa ni kumpa kiti akae. Tukanuniana kiasi cha chai kupoa. Mwisho tukapatana: kila kibao mistari miwili. Mstari wa juu neno la Mwalimu, herufi kubwa. Wa chini maneno yangu, kama dereva anavyomwelekeza dereva mwenzake, naye atayanyoosha sarufi bila kuyaua.

Kwenye kuchomoza nimeandika: *Injini imewaka. Usiishike bado.* Kwenye majani yaliyotandazwa: *Ardhi imefunikwa turubai, maji yasitoroke.* Kwenye palizi: *Wasio na tiketi wanashushwa hapa.* Kwenye maua: *Asiyefanana na ndugu zake anashuka hapa. Pole yake.* Mwalimu alipofika hapo penseli yake ilisimama. Nikadhani anafuta. Akaacha vilevile. Akanitazama juu ya miwani muda kidogo.

Neno moja alilifuta. Nililisikia kila siku gereji nikadhani ni namna ya kusema tafadhali. Alilifuta, akanywa maji, akaendelea.

Mwisho ikabaki ile ardhi tupu ya juu. Neno lake analo, zuri, la kamusi. Mstari wangu ndio ulikataa. Akanisaidia kama anavyosaidiwa mtoto wa darasa: "Ardhi hapo inafanya nini, Bwana Kilomita?"

"Haifanyi kitu. Imelala."

"Basi ukipita mahali watu wamelala, unafanyaje na lori lako?"

Tukaandika: *Ardhi imelala. Usipige honi.*

Alicheka mpaka miwani ikaanguka juu ya kamusi.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna kazi leo. Nimepita kwa Mwalimu kwa bahati tu, na shati lile lile la mikono mirefu. Geti lake linalia. Nimerekebisha bawaba. Bawaba zimekuwa nyota yangu mwaka huu.

Nilimpelekea ule mche wa maua meupe, na kopo lake. Nikauliza: na mafua? Akasema: "Mafua ni ya vumbi. Maua hayajawahi kuniudhi." Ameuweka kwenye ukingo wa baraza, upande unaopata jua la asubuhi. Huu ndio mche uliofukuzwa, nikamwambia. Akasema anajua, amesoma kibao chake.

Jumatatu, 10 Juni

Tumeanza kupaka rangi. Mchoraji ni Brashi, anayeandika maduka yote ya mji huu. Kinyozi, bucha, duka la dawa — kila uso anaochora unafanana na wake. Kifaransa hajui, Kiingereza hajui. Ananakili herufi kama anavyonakili pua.

Tumeanzia ghalani. Kuna kivuli, na ndiko kwenye maneno yangu ya uhakika. Ukianza kazi, anza na unachokijua, hata injini huwashwa kwa betri iliyo nayo. Brashi akauliza aweke namba? Nikasema weka, tena kubwa, mgeni anapenda utaratibu. Akauliza na mishale? Nikasema mishale pia. Mtu asipotee.

Kibao cha ghala kimetoka kama bendera. *Safari imefika. Fungua, nusa, tafuna.*

Jumatano, 12 Juni

Tumemaliza! Tumepanda na vibao mpaka juu kabisa. Rangi nyeupe na nyeusi zilituishia kwenye kibao cha mwisho, kile cha ardhi iliyolala, Brashi akakimalizia kwa nyekundu iliyobaki kwenye tangazo la bucha. Kinaonekana kutoka barabarani.

Nimesimama pale juu nikatazama chini. Kifaransa kimeenea mlima mzima. Nimejipongeza kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kunisaidia.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeharibu.

Dada alikuja asubuhi kukagua, na kina mama nyuma yake. Akasimama mbele ya ghala. Akasoma namba. Akageuka akatazama mshale. Akasema kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu. Kwa nini ghala ni namba moja?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Wageni walitakiwa waanzie juu, kwenye ardhi, wateremke na mbegu mpaka gunia. Mimi nimeanza na gunia kwa sababu Kifaransa changu kinaanzia kwenye gunia, nikapandisha. Namba zote zimekwenda kinyume. Mishale yote inaelekea mlimani. Ardhi, ambayo ni mwanzo wa kila kitu, ndiyo mwisho.

Brashi akasema yeye alifuata dereva. Rangi hakuna. Duka la rangi limefungwa, mwenyewe amesafiri kwa harusi.

Mama mwembamba hakucheka hata yeye. Alisema tu: "Kijiko kimeshikwa kichwa chini."

Dada hakunigombeza. Afadhali angegomba. Alikaa juu ya gunia, akachota maharage, akaanza kuyachambua, maharage ambayo yameshachambuliwa mara mbili. Baada ya muda akasema: "Hata nilipokubeba mgongoni ulikuwa unajigeuza. Kila saa unatazama tulikotoka."

Nikataka kusema kitu cha kuchekesha. Nikaishia kuokota punje zilizodondoka.

Ndipo Mwalimu akatokea barabarani. Miguu yake mwenyewe, mwavuli juu, leso puani, akimzunguka jogoo wa jirani kwa mbali kama anayekwepa askari. Nilikuwa nimemtumia habari. Akavisoma vibao vilivyo karibu, akatazama mlima, akamwamkia dada kwa heshima zote. Akasema: "Mwenyekiti, kuna vitabu vinavyosomwa kutoka kulia, na wenyewe ni watu wasomi. Basi la wageni lishushie watu hapa chini."

Dada: "Mgeni akianzia ghalani ataona tunamuuzia kabla hata hatujamsalimu."

"Basi tutamsalimu kwa muda mrefu," Mwalimu akasema.

Dada akanifuta vumbi begani, akaondoka. Njia nyingine haipo. Kesho tunakwenda kinyumenyume, na kiti cha dada kimekaa juu ya tairi zangu.

Ijumaa, 14 Juni

Mkono umechoka lakini haya lazima niyaandike yote.

Wageni walifika wakati umande unakauka. Kiongozi wao ni mama mmoja mpana, kofia ya majani kubwa kama ungo. Nimempa jina Mama Kofia. Hatabasamu bure. Nikamsalimu kwa Kifaransa changu bora, akanipima kuanzia viatu. Akauliza: wewe ni mkulima? Nikasema mimi ni dereva, mkulima ni dada yangu huyu. Akasema vizuri, akampa dada mkono kwanza, mimi baadaye. Kina mama wakawasalimu wote mmoja mmoja, wakawauliza habari za safari, za watoto, za mvua, za waliobaki nyumbani. Mimi na Mwalimu tunapokezana kutafsiri mpaka mate yanakauka. Salamu zilikuwa ndefu kweli.

Kisha ghala. Namba moja. Mama Kofia akasoma mstari wangu kwa sauti. *Fungua, nusa, tafuna.* Akafungua gunia mwenyewe. Hakuchota juu. Alizamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa punje za chini kabisa — huyo ameshauziwa gunia lenye sura nzuri juu na aibu chini, namjua mtu wa hivyo. Akaitazama punje kwenye jua. Akaiuma. Akatafuna muda mrefu, dada haangalii popote pengine.

Akauliza neno moja tu: "Na kabla ya hapa?"

Nikamwonyesha mshale.

Basi ndivyo tulivyokwenda. Uwanja wa kupura: na kabla ya hapa? Maganda makavu: na kabla? Ladha ya punje mdomoni, kila kibao wanataka kujua ilikotoka. Wanasoma neno la Mwalimu wanatikisa kichwa kwa adabu, wanasoma la kwangu wanacheka. Kwenye *wasio na tiketi* Mama Kofia aliinama akang'oa gugu moja lililosahaulika, akamkabidhi dereva wa basi lao: "Mkatie tiketi." Huyo dereva alikuwa ameliacha basi anatufuata, anasoma kwa sauti kuliko wote. Ndugu yangu huyo, sijui hata jina lake.

Kwenye maua hawakucheka. Mama Kofia alisoma, akarudia yale ya mwisho: *pole yake*. Akamuuliza dada kupitia kwangu: "Na ukiwa mzuri kuliko wote, unaweza kuung'oa?"

Dada akasema: "Nakwenda asubuhi na mapema, kabla sijauzoea."

Nilikwama kutafsiri. Neno nilikuwa nalo. Mwalimu akasogea akalisema badala yangu. Mama Kofia akamshika dada mkono, na wakapanda hivyo hivyo, wameshikana, mimi nyuma yao sina kazi.

Tukafika juu. Jua kali, watu wanahema. Hakuna kitu pale, nyasi tu na kibao chekundu cha bucha. Mama Kofia akasoma. *Ardhi imelala. Usipige honi.* Akacheka mpaka akakaa chini, kofia ikaporomoka, na watu wake wote wakacheka. Dereva wa basi akajifanya anapiga honi, wakamzomea.

Halafu Mama Kofia akawanyamazisha wote, si kwa mzaha. Akavua viatu, akasimama pale nyasini peku.

Alisema maneno haya, nimemwomba Mwalimu aniandikie nisiyapoteze: "Kwetu ardhi haijalala tangu bibi yangu. Tunanunua mbegu nzuri kila mwaka, inakufa, tunamlaumu aliyetuuzia. Mngenileta hapa asubuhi kwanza, ningepaona kama mahali pa kuegesha basi. Nimekuja huku nikiuliza kabla, kabla, na kabla ya yote ni hapa."

Kina mama wakanitazama. Dada akanitazama. Nikanyoosha mgongo kama mtu aliyepanga mambo haya tangu mwanzo.

Kisha akaongeza, na hili nililitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, na natamani nisingelielewa. "Mbegu yenu sijaona mfano wake. Lakini ardhi yangu imechoka. Nikiipeleka sasa nitaiua, na hii si mbegu ya kuuawa. Acheni tulale, tuzungumze wenyewe. Kesho tutawajibu."

Kibao changu kimefanya kazi mno! Kimewauzia usingizi badala ya maharage.

Wakati wa kushuka dada alinishika bega. Nilijua sasa linakuja. Akasema: "Umetafsiri vizuri." Basi. Nikamuuliza: na kiti? Akasema kiti tutakijua kesho, na kwamba mama angempenda yule mwenye kofia.

Mwalimu nimemsindikiza. Viatu vyake vimejaa matope, mafua hayajapanda. Kwenye ukingo wa baraza ule mche wa maua meupe umetoa ganda, dogo kama kucha. Tumesimama tukalitazama. Akalitaja ganda kwa Kifaransa. Nikalifanya kwa mwili. Jirani hakuuliza kitu safari hii, alituletea viti.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi. Naandika nikiwa ghalani, nimekaa juu ya gunia. Mtu akingoja bila kuandika anazeeka.

Wageni wako nje chini ya ukuta, wameinamiana duara, wanabishana. Kifaransa chao cha wao kwa wao kina kasi, nadaka kipande kipande. *Nusu.* *Kipande cha kijijini.* *Tulaze upande mmoja, upande mmoja tupande.* Mwingine amesema hapana mara nyingi, sijui anakataa nini. Dada amekaa mlangoni na ungo, anachambua yale yale. Kina mama wamejipanga nyuma yake kama wako kwa daktari. Mama mwembamba ameniuliza kwa macho, nimemjibu kwa mabega.

Brashi ameitwa. Mama Kofia anamwonyesha kitu kwa mikono, mstatili, mkubwa, kisha anaelekeza mlimani kwenye kibao chekundu. Brashi anatingisha kichwa ndiyo, ndiyo, hajui anachokubali. Nadhani ameombwa kibao cha kuondoka nacho. Kibao pekee? Mtu hasafiri mpaka kwake na kibao cha kulala bila cha kuamsha.

Mwalimu amefika. Mwavuli umefungwa, leso iko mfukoni. Nimemwambia akatege sikio, yeye Kifaransa cha kasi anakipata. Amekaa kwenye gunia la jirani, ameweka mikono magotini. "Hapana, Bwana Kilomita. Sehemu hii ni yako. Inaanzia kwenye gunia."

Ngoja.

Basi linanguruma. Dereva wao ameingia. Sasa mimi mambo mengine sijui lakini hili nalijua usingizini. Mtu anayeondoka anageuza pua barabarani. Huyu anageuza mgongo huku. Anarudi nyuma, polepole, kinyumenyume, mlango wa nyuma unakuja kwenye mlango wa ghala. Mwenzake anamwelekeza kwa kiganja. Hata honi hapigi.

Dada amesimama. Maharage ya ungoni yamemwagika, hajainama kuokota.

Mama Kofia ameingia ghalani. Ameshika mdomo wa gunia la kwanza kwa mikono miwili, hajalifungua, amelishika tu. Anamtazama dada. Sasa ananigeukia mimi, ananiuliza kitu. Dada anasema: "Anasemaje, mdogo wangu?"

Neno la kwanza nalijua, ni kupakia. La pili nalijua, ni gunia. La tatu —